Saa Kumi na Nne Ndani ya Kibanda: Barua ya Wazi kwa Kamati za Mitaa ya Thika na Ruiru

Kwa wenyeviti, makatibu na wanakamati wa vyama vya wakazi, kuanzia Membley na Kamakis hadi Ngoingwa na Section 9.

Waheshimiwa,

Mitaa mingi yenye geti katika miji yetu miwili ina kanuni inayohusu mbwa, na kanuni hizo zinafanana kana kwamba zilinakiliwa kutoka karatasi moja: mbwa afungiwe mchana, afunguliwe usiku geti la nje likishafungwa. Siwaandikii kuipinga kwa mbwa mzima aliyezoea maisha hayo. Huyo ana mjadala wake. Ninawaandikia kuhusu mbwa mchanga, yule wa chini ya miezi sita, ambaye kanuni yenu haimtaji popote na kwa hiyo inamchukulia kama mbwa mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba kanuni hii ikimwangukia mbwa wa umri huo huzaa yaleyale mliyoitunga kuyazuia: kelele usiku, uvundo mchana, na hatimaye meno kwenye mguu wa mtoto wa jirani. Ninaomba iwekewe kikomo cha saa, na nitaeleza kwa nini kikomo hicho kiwe saa tatu au nne, wala si siku nzima ya kazi.

Tuanze na siku yenyewe ya kazi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858 katika mji wa Ruiru; ile ya 2019 ikakuta 490,120. Wengi wa walioongezeka walifuata nyumba na ploti, hawakufuata ajira, na barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012 ndiyo iliyowawezesha kulala huku na kufanya kazi Nairobi. Anayetoka Thika ana kilomita arobaini na kitu hadi katikati ya jiji. Wa Ruiru ana kama nusu ya hizo, ila foleni ya Githurai na Pangani haimwulizi mtu ametoka wapi. Mwenye kutakiwa ofisini saa mbili asubuhi anafunga mlango wake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Jioni, mvua isipoharibu mambo na nauli isipopandishwa stendi, anarudi saa moja na nusu usiku. Hizo ni saa kumi na nne. Kanuni inaposema "mchana" huenda walioitunga walikuwa na saa nane au tisa akilini, muda wa mtu anayefanya kazi kiwandani Thika na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani. Maisha yamebadilika na neno limebaki palepale.

Sasa mweke mbwa wa miezi mitatu ndani ya saa hizo. Kipimo kinachotumiwa sana na wafugaji na madaktari wa mifugo ni chepesi kukumbuka: chukua umri wa mbwa kwa miezi, ongeza moja, na jumla ndiyo saa nyingi zaidi anazoweza kuzuia mkojo. Wa miezi mitatu, saa nne. Na hapo tunazungumzia mwisho wa uwezo wake, tena akiwa amelala, hajasisimuliwa na pikipiki wala paka aliyepita ukutani. Mara tatu kati ya alfajiri na usiku mnyama huyo atajisaidia pale alipo, kwa sababu hana mahali pengine. Nendeni mkakitazame kibanda chenyewe. Kwa kawaida kimesukumwa kona ya nyuma, kati ya tangi la maji na ukuta: mbao za saipresi, mabati yasiyo na dari, mlango wa wavu wa chuma na komeo. Bakuli la plastiki lililojazwa maji alfajiri limepinduliwa kabla ya saa nne asubuhi, maana hana kingine cha kuchezea. Januari na Februari jua la Thika linasimama juu ya mabati hayo, na mnyama anayepoza mwili kwa kuhema anahema bila tone la maji. Julai ni kinyume chake: ubaridi, manyunyu, na sakafu iliyolowa mkojo isiyokauka hadi kesho yake.

Mbwa kwa asili hapendi kuchafua pale anapolala. Hata mtoto wa wiki tano, akiwa na nafasi, atajikokota hatua chache kutoka kwenye malazi kabla ya kuchutama. Anayelazimishwa kila siku kukojolea tandiko lake hupoteza kinyaa hicho, na kikishapotea, kumrudishia ni kazi ya miezi. Ndipo unaposikia mwenye mbwa akilalamika kwamba aliuziwa mbwa mchafu. Wa kulaumiwa kwa uchafu huo ni yeye na kanuni yenu, mkiniruhusu kusema hivyo. Juu ya hapo kuna minyoo: watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo au huipata kwenye maziwa ya mama, mayai yake hutoka kwenye kinyesi na kukaa udongoni kwa muda mrefu, na aina kadhaa huwapata binadamu, hasa watoto wanaocheza chini. Kinyesi kinachokaa kibandani tangu asubuhi hadi usiku, kisha kikafagiliwa gizani kuelekea kwenye nyasi, si jambo la nyumba moja peke yake.

Hata hivyo kibofu ndicho kitu kidogo katika habari hii. Kikubwa ni ubongo, na hapa ushahidi ni wa zamani na hauna utata mwingi. Mwaka 1961 Daniel Freedman, John King na Orville Elliot, waliokuwa wakifanya utafiti katika maabara moja ya Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mwenye mbwa angefaa kulijua. Waliwalea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakilishwa bila kugusana na watu, kisha wakawatoa kwa zamu, kila kundi katika umri wake, wakae na binadamu kwa wiki moja. Waliotolewa wakiwa na wiki chache walizoea watu upesi. Walioachwa hadi wiki ya 14 bila kuguswa walikuwa kama wanyama wa porini. Mafunzo ya baadaye hayakuwasaidia kitu cha maana. John Paul Scott na John Fuller, wa maabara hiyohiyo, wakaandika kitabu kizima mwaka 1965 kuhusu tabia za mbwa, na ndani yake wakaonyesha kwamba kipindi cha kujifunza nani ni rafiki na nini ni cha kawaida huanza takriban wiki ya tatu na kuanza kufungika karibu na ya 12. Mnunuzi wa Ruiru humchukua mtoto wa mbwa akiwa na wiki sita hadi nane. Kwa maneno mengine, anamleta nyumbani katikati ya kipindi chenyewe, kisha wiki zilizobaki anazikabidhi kwa kibanda.

Kuna jaribio jingine, kali zaidi. Katika Chuo Kikuu cha McGill, Canada, Ronald Melzack na T. H. Scott waliwalea mbwa wa aina ya Scottish terrier ndani ya vizimba tangu walipoachishwa kunyonya hadi walipokaribia utu uzima, wakachapisha waliyoyaona mwaka 1957. Mbwa hao walipotolewa walisogeza pua kwenye kiberiti kinachowaka, wakaungua, wakarudi kunusa tena. Hawakuwa wagonjwa; hawakuwa wamejifunza tu kwamba kitu fulani kinaumiza na kingine hakiumizi. Nakubali kwamba mbwa wa McGill walitengwa kabisa, na wetu wanaona watu jioni na mwisho wa juma, kwa hiyo haitakuwa haki kusema kila kibanda cha Ngoingwa kinazalisha mnyama wa namna hiyo. Tofauti ni ya kiasi. Mwelekeo ni uleule: kadiri mnyama anavyonyimwa mambo ya kuona, kunusa na kugusa katika miezi yake ya kwanza, ndivyo anavyokua akiwa hajui kupambanua hatari na kisicho hatari.

Na hapo ndipo inapoingia hoja ninayoisikia zaidi kuliko zote, kwamba mbwa akizoea watu mchana hatakuwa mkali usiku. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Naam, lakini tunamkunja awe nini? Ulinzi ni kazi ya kupambanua. Mbwa mwenye manufaa ni yule anayejua hatua za soja wa geti, sauti ya pikipiki ya muuza maziwa, kikohozi cha jirani, na kwa sababu anayajua hayo, ananyamaza hadi lije lisilo la kawaida. Aliyekulia gizani hana orodha hiyo kichwani. Anabwekea paka, anabwekea upepo unaotikisa mabati, anabwekea kila taa ya gari, na kwa kuwa amelala kutwa nzima ana nguvu za kubweka hadi alfajiri. Baada ya wiki mbili mwenye nyumba hageuki tena kitandani. Mwizi aliyetulia akasikiliza usiku mmoja anajua kwamba nyumba hiyo haina mlinzi, ina kelele tu. Ama huo "ukali" wanaousifu, mara nyingi ni woga: mbwa mwoga huuma kinachosogea karibu, na katika mtaa wa familia kinachosogea karibu ni mtoto anayefuata mpira. Mbwa wa polisi wanalala vizimbani pia, jambo ambalo hutajwa kama ushahidi dhidi yangu. Lakini kila mmoja ana mshikaji wake, anatolewa, anafunzwa, anapitishwa kwenye umati na kelele tangu mdogo. Kizimba kwake ni mahali pa kulala kati ya kazi na kazi.

Wapo wanaojibu kwamba hata Wamarekani, wanaowapenda mbwa kuliko sisi, huwafungia kwenye visanduku vya waya ndani ya nyumba. Ni kweli, na njia hiyo ikitumiwa vizuri humfundisha mbwa kutulia na kuwa msafi. Lakini tuichukue pamoja na masharti yake. Chama kikubwa cha kutetea wanyama cha Marekani kimekuwa kikiwaambia wenye mbwa kwamba wa chini ya miezi sita asikae ndani kwa zaidi ya saa tatu au nne mfululizo. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Sweden hairuhusu kumweka mbwa kizimbani nyumbani kama mtindo wa maisha, na inataka mbwa mzima atolewe walau kila baada ya saa sita wakati wa mchana, wachanga mara nyingi zaidi. Ujerumani, kwa kanuni zilizoanza kutumika Januari 2022, inataka mbwa atolewe nje mara mbili kwa siku, jumla isiyopungua saa moja, na mtoto wa mbwa wa hadi wiki 20 apate walau saa nne kila siku za kuwa na mtu anayemtunza. Sisemi tuige Wajerumani; hali ya hewa yetu, nyua zetu na mishahara yetu ni tofauti. Ninachosema ni kwamba anayetaja ugenini kuhalalisha saa kumi na nne hatapata nchi ya kumsaidia.

Ugumu ulio wa kweli ni ule wa mfanyakazi. Hakuna mwajiri wa Westlands au Industrial Area atakayemruhusu mtu arudi Juja saa sita mchana kumtoa mbwa. Sina jibu la kumrudisha huyo nyumbani, wala halihitajiki, kwa sababu mitaa yetu haibaki mitupu mchana kama vitongoji vya Ulaya. Nyumba nyingi zina dada wa kazi. Geti lina soja wa zamu ya mchana. Kuna mzee aliyestaafu nyumba ya tatu, kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne anayesubiri kujiunga na chuo, kuna mama mwenye kibanda cha mboga nje ya geti ambaye anaijua kila nyumba. Kumtoa mbwa mchanga kwa dakika ishirini kila baada ya saa tatu au nne, kumwekea maji na kuokota uchafu wake, ni kibarua kidogo ambacho mtu anaweza kulipwa kwa wiki, na nyumba nne au tano zikishirikiana hakimlemei yeyote. Aliyetoa makumi ya maelfu ya shilingi kumnunua German Shepherd hawezi kuniambia kwamba malipo hayo ndiyo yaliyomshinda. Inachohitaji kazi hiyo ni ruhusa, maana katika mitaa mingine kanuni yenyewe ndiyo inayomzuia soja kuufungua mlango wa kibanda kabla ya jioni. Dada wa kazi naye asiongezewe mzigo kimyakimya. Kama mbwa ni sehemu ya kazi yake, itajwe na ilipwe. Na pale ambapo hakuna mtu kabisa, jibu la uungwana ni kutomchukua mtoto wa mbwa. Mbwa mzima anavumilia saa nyingi zaidi, na wapo wengi wanaotafuta makao, wakiwemo walio katika kituo cha shirika la kutetea wanyama la KSPCA kule Karen.

Mtu mwangalifu ataniuliza kuhusu chanjo: si madaktari wenyewe husema mbwa asitoke hadi amalize sindano? Wanachokataza ni barabara, dampo na mbwa wasiojulikana, kwa sababu ya parvo na maradhi mengine. Uwanja wako wenyewe, uliozungushiwa ukuta na usiopitiwa na mbwa wa nje, hauna tatizo hilo, na wageni wanaokuja kumshika hawamdhuru kuliko upweke. Chanjo, kwa kweli, ni hoja upande wangu. Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa kinachowapata watu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja mbwa asilimia 70. Karibu vifo vyote vya binadamu kutokana na ugonjwa huo hutoka kwa mbwa. Sasa fikirini mbwa wa miaka miwili aliyekulia kibandani, anayemjua mtu mmoja tu, naye humjua gizani. Nani atamshika siku ya sindano? Mwenyewe anamwogopa. Wachanjaji wanafika mtaani, mbwa wa kienyeji wanaozurura sokoni wanashikika kwa kipande cha mkate, na yule wa bei ghali nyuma ya ukuta anabaki bila kuchanjwa.

Mtasema ninyi ni kamati ya wakazi, si idara ya mifugo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa, na ningependa siku moja kuiandikia Kaunti ya Kiambu barua yake. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, nayo inamtia hatiani anayemnyima mnyama maji au kumfungia kwa namna inayomtesa bila sababu. Haitaji saa, na hakuna askari atakayepita Membley akihesabu. Ninyi ndio mlioingia kwenye habari ya saa. Mlipoandika kwamba mbwa afungiwe mchana na afunguliwe usiku, mliweka muda, mkaweka na faini kwa atakayeukiuka. Aliyeweka upeo wa chini anaweza kuweka na upeo wa juu, kwa mkutano uleule na kwa kalamu ileile.

Ninachoomba kinaweza kuandikwa kwa mistari michache kwenye kanuni zilizopo. Mbwa wa chini ya miezi minne asifungiwe zaidi ya saa tatu mfululizo mchana, na wa miezi minne hadi sita asizidi saa nne, isipokuwa kwa agizo la daktari wa mifugo. Mwenye mbwa anayekwenda kazini aandikishe kwa katibu jina la mtu mzima anayemtoa, kama anavyowasilisha kadi ya chanjo. Palipo na nafasi, kibanda kifunguke kwenye uwanja mdogo uliozungushiwa wavu, wenye kivuli na maji yasiyopinduka. Wajerumani wanataka mita sita za mraba kwa mbwa wa kimo cha hadi sentimita 50, na ploti ya futi hamsini kwa mia haikosi mita hizo nyuma ya nyumba. Kutembezwa kwa kamba mchana, mikononi mwa mtu mzima, kusiwe kosa. Mbwa kuzurura bila mtu kuendelee kuwa kosa, na hapo niko pamoja nanyi moja kwa moja.

Kamati isiyo tayari kubadilisha kanuni kabla ya mkutano mkuu wa mwaka inaweza kuanza na jaribio la miezi sita katika korti moja au mbili, yaani vikundi vya nyumba ndani ya mtaa, nyumba zenye mbwa wachanga zikubali kwa hiari. Soja wa usiku tayari ana kitabu cha matukio getini: aongeze safu ya malalamiko ya mbwa, aandike saa na namba ya nyumba. Katibu alinganishe korti hizo na zile zilizobaki na utaratibu wa zamani, kisha alete hesabu mbele ya wakazi. Ikiwa nimekosea, kitabu kitaonyesha, na kanuni yenu itabaki ilivyo.

Wenu katika ujirani,

Mkazi wa Ruiru